Fisi na Mashimo ya Bibi Mhanga

Mwaka ule jua liliwaka miezi tisa bila tone la mvua, hata Kiboko akawa anaoga vumbi. Maji yalibaki mahali pamoja tu: chini ya bonde la akina Mhanga, wanyama wa pua ndefu waliochimba mashimo yao pale kabla Simba hajatawazwa. Mwenye kiu alipiga hodi, akachotewa.

Fisi, Waziri wa Ardhi, akawafukuza akina Mhanga, akasimika kibao: "MALI YA SERIKALI." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Yaani Fisi."

Bibi Mhanga akaenda kwa Simba. "Mfalme, tumetolewa kwetu. Wajukuu wangu wanakufa kwa kiu."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Mimi ni mtawala wa haki. Naunda tume!"

Mwenyekiti wa tume akawa Fisi. Ikaamua kwamba bonde halina mwenyewe. Bibi akakata rufaa. Ikaundwa tume ya pili, mwenyekiti Fisi aliyevaa miwani. Ya tatu, Fisi aliyevaa kofia.

"Hati iko wapi, bibi?"

"Mwanangu, makaburi ya wazee wangu yako pale."

"Kaburi halina muhuri!"

Ndipo Sungura akajitolea kumsemea Bibi. Barazani akauliza, "Mheshimiwa Waziri, mashimo yale alichimba nani?"

"Babu yangu!" Fisi akadakia. "Nimezaliwa mle, nikakulia mle."

"Vizuri. Basi tuchotee maji."

Baraza zima likafuatana naye bondeni. Fisi akachagua shimo pana kuliko yote, maana kwake mlango mkubwa ni mlo mkubwa. Akajitosa kichwa mbele. Tumbo likakwama, miguu ikabaki nje ikirusha mateke.

Mara yakasikika mayowe. "Siafu! Siafu puani!"

"Ajabu," akasema Sungura. "Hawamjui mwenyeji wao?"

"Si kwangu! Si kwa babu! Ni kwa Mhanga! Nitoeni!"

Bibi Mhanga akachimba pembeni, akamvuta nje, pua imevimba kama boga. "Hapo si kisimani, mwanangu," akasema, akiwalamba siafu mmoja mmoja. "Hapo ni jikoni kwangu."

Kisha akapenya kwenye kishimo chembamba kando ya jiwe, akatoka na kibuyu kilichojaa maji pomoni.

Simba akakohoa. "Nilijua tangu mwanzo," akasema, akaking'oa kibao kwa meno. Fisi akavuliwa uwaziri palepale, na wajukuu wa Mhanga wakarudi kwao mbio, wakisukumana milangoni.

Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.