Kilio Kilichotoka Kinuni

"Mrudishe kabla ya magharibi, Bibi Lubaba. Hukumu ndiyo hiyo."

"Simrudishi, Sheikh."

"Unajua adhabu ya kumficha mke wa mtu? Ushahidi wako hautapokelewa tena, wala hutaosha maiti katika mji huu."

"Basi tafuteni mwosha maiti mwingine. Huyu nimempata angali anapumua, na sitaki niletewe kwa njia ile nyingine."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizozana, kama wanavyosimulia waliotangulia, Kadhi Mundhir na Bibi Lubaba, katika mji wa Sumra uliokuwa bondeni, kati ya milima mikavu. Kadhi alikuwa mcha Mungu asiyepokea zawadi ya mtu. Bibi Lubaba alikuwa mjane, mwosha maiti za wanawake, na ulimi wake haukuwahi kutoa alichokiona kwenye mwili wa marehemu. Nyuma ya pazia, humo nyumbani kwa Bibi Lubaba, aliketi Safura, mke wa Ghalib, mkono wake umefungwa kitambaa. Ghalib ndiye aliyejaza maji birika la msikiti kila alfajiri, na watu walimpenda.

Watu wa Sumra walikuwa na desturi yao. Kilio cha mke kikisikika nyumba ya jirani, wanawake wa mtaa walikimbilia vinu wakatwanga, hata kama hawana nafaka, mpaka mshindo wa michi umeze kilio. Waliiita sitara. Waliamini kwamba anayefunika aibu ya nyumba ya mwenzake, Mwenyezi Mungu atafunika yake. Na mwanamke akitoroka, sheria iliyoandikwa kwenye ubao mlangoni pa msikiti ilisema arudishwe kwa mumewe kabla jua halijazama.

Kadhi alipofungua kinywa kujibu, kilio kikasikika kutoka mtaani. Kilikuwa kirefu, kikikatika na kuanza tena.

"Nani huyo?" akauliza.

Bibi Lubaba akafunua pazia. Safura alikuwa ameketi vilevile, midomo imefumba, macho yamemtoka. Kilio kilipokatika alisema taratibu, "Hiyo ni sauti yangu."

Vinu vikaanza, kama ilivyo desturi. Lakini kila mchi uliposhuka, kilio kilipanda. Vikawa vilio viwili, kisha vitano, na vingine vilikuwa vya wanawake waliokwisha kuzikwa. Halafu michi yote ikanyamaza kwa pamoja, na vilio vikaendelea.

Nuwayra, jirani wa Safura na shangazi yake Ghalib, akaingia mbio, mchi bado mkononi, vumbi la mtama usoni.

"Sheikh, hakitoki kwa Ghalib. Nyumba imefungwa. Kinatoka kinuni kwangu, na vile vingine vinatoka vinuni kwa wenzangu. Nimeinama nikatazama, hamna kitu, mtama tu."

"Ni shetani. Someni Ayatul Kursiyyu."

"Tumeisoma, Sheikh. Shetani angekimbia."

Bibi Lubaba akainamisha kichwa. Alijua sasa kwamba naye ana lake la kusema, na kwamba akilisema hatabaki na heshima mjini.

"Sheikh," alisema, "mwosha maiti ameamrishwa asitangaze aibu ya marehemu. Miaka tisa nimejificha nyuma ya amri hiyo. Lakini kidonda si aibu ya aliyeumizwa. Binti yako Thuwaiba hakufa kwa homa. Nilimuosha kwa mikono hii. Shingoni alikuwa na alama za vidole. Nikazifunika kwa pamba na kafuri, nikakwambia ametulia kama aliyelala. Nisamehe."

Kadhi akautazama mkono wake wa kulia.

"Alinijia jioni ile," akasema. "Nilimrudisha mwenyewe kwa mumewe. Nilimshika mkono njia nzima."

Akatoka, akaenda uani kwa Nuwayra, akainama na kutega sikio kinuni. Alichokisikia humo hakumwambia mtu mpaka alipofariki. Waliokuwapo waliona tu ndevu zake zimelowa. Kisha akauteremsha ule ubao mlangoni pa msikiti, akauosha kwa maji kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyoosha mbao zao, akaandika upya: mwanamke aliyekimbia hatarudishwa. Atakaa katika nyumba ya amana, chini ya ulinzi wa majirani, na atakayeitwa kujieleza ni mume. Anayesikia kilio, aende akabishe hodi, awachukue na wenzake.

Wako walionung'unika. "Kadhi anavunja nyumba za watu," walisema. Yeye alisubiri. Nyumba ya Bibi Lubaba ikawa nyumba ya amana ya kwanza, na Safura akawa mgeni wake wa kwanza. Ghalib aliapa kwamba mkewe alianguka ngazini. Kadhi akasema atahukumu atakaposikia neno la jirani wa karibu.

Wanawake wakaanza kwenda kwa Kadhi mmoja mmoja, kueleza walichokisikia miaka yote ile, bila kuongeza wala kupunguza. Kila aliyesema, kinu chake kilinyamaza. Siku ya sita kikabaki kimoja tu kinacholia, kwa Nuwayra. Alikifunika kwa mkeka, akakijaza mchanga, kikalia chini ya mchanga.

Ndugu zangu, tusidhani kila kufunika ni sitara. Liko la kufunikwa, na liko ambalo Mola ameliweka masikioni mwetu kuwa amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Siku ya saba, baada ya sala ya adhuhuri, hodi ikapigwa kwa Bibi Lubaba. Safura mwenyewe ndiye aliyefungua. Nuwayra alikuwa amesimama pale, miguu mitupu, hakuinua uso.

"Natoka kwa Kadhi," alisema. "Tulikuwa tunakusikia, mwanangu. Kila siku tulikuwa tunakusikia."