Kata Moja ya Mzee Ngumbao

Aliyekuja kucheka ajue mapema kwamba hadithi yangu haina sungura. Ina mjane mmoja, watoto wake watatu na kata moja ya tembo la mnazi. Kazi yangu ni kusimulia, yenu ni kuamua, na nikinyamaza asiniulize mtu "halafu?"

Katika nchi ya Wagiriama aliishi Mzee Ngumbao, mmoja wa wazee wa Gohu, chama cha wenye heshima. Alipofariki alimwacha mkewe, Bi Kadii, na watoto watatu. Chengo, wa kwanza, alijaliwa miguu, kuchoka hakukujua. Mbeyu, binti pekee, alijaliwa macho. Alichokiona mara moja hakikumtoka. Mwaringa, kitinda mimba, alijaliwa ulimi. Angeweza kumuuzia kitana mwenye kipara.

Mzee wa Gohu akifa huchongewa kigango, nguzo ya mbao yenye kichwa cha mviringo na mistari ya pembetatu zilizochongwa, nayo husimikwa nyumbani kwake ili apate pa kukaa. Hapo humwagiwa tembo na kuelezwa habari za watoto. Kikishasimikwa hakihamishwi. Hata familia ikihama, chenyewe hubaki hadi mchwa wakimalize.

Kigango cha Ngumbao kilisimama miaka saba. Asubuhi moja Bi Kadii alitoka na kibuyu chake, akakuta shimo. Hakupiga yowe. Alilitazama, akarudi ndani, akabandika uji. Tangu siku hiyo akawa kama mguu ulioingia ganzi: upo, lakini hausikii. Dada yake alipozikwa hakulia. Mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa alimpakata kama anayeshika mzigo wa jirani. Watoto wakimuuliza anaumwa wapi, aliwajibu kuwa angeshukuru lau pangeuma mahali. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo.

Ndipo Mwaringa akawaita ndugu zake mbele ya mama yao. "Mimi ndiye niliyeking'oa," alisema. Alikuta mchwa wameanza kukila kwa chini, akajiambia kwamba mchwa wakishaingia mwenyewe ameshaondoka, kilichobaki ni kuni. Akamuuzia mfanyabiashara wa vinyago mjini. Chengo alinyanyua rungu, Mbeyu akamshika mkono. Mama alisema tu, "Kumbe ni wewe," akaendelea kuchambua mchele. Nadhani Mwaringa angependelea rungu. Kesho yake alikwenda kwa yule mfanyabiashara, sasa mzee mwenye kuwakana wote waliowahi kumwuliza habari kama hizo. Siku tatu alikaa naye kwenye kahawa, akimbembeleza kwa ulimi wake, hata mzee akafungua kinywa. Kigango kilikuwa ng'ambo, katika jumba la makumbusho.

Walipoliandikia, jumba lile lilileta picha za vigango hamsini na vinne, vyote bila majina. Mbeyu alizitazama siku kumi na moja, macho yakamvimba. Utotoni alikaa karibu na fundi kigango kikichongwa, akaona mbuzi anamgonga fundi kiwiko, patasi ikateleza, na pembetatu moja ya mstari wa tatu ikaota mkia. Siku ya kumi na moja aliweka kidole juu ya picha. "Huyu ndiye baba."

Wenye jumba wakataka uthibitisho: barua, viapo vya wazee, mihuri. Hapo ikawa zamu ya miguu ya Chengo. Miaka miwili alizunguka ofisi kwa ofisi, akiambiwa leo mwenye muhuri ametoka, kesho muhuri upo ila wino umekwisha. Shamba lake likawa pori. Mkewe alimsubiri, akachoka, akarudi kwa wazazi wake. Mwishowe sanduku likafika, kigango ndani yake.

Wazee walichimba shimo upya, wakatoa masharti. Kigango kilichong'olewa hurudishwa mara moja tu, na kata ya kwanza humwagwa na mtoto mmoja tu. Huyo ndiye ambaye marehemu atamtambua na kusema naye. Akichaguliwa asiyefaa, Ngumbao atanyamaza moja kwa moja. Wa kumchagua ni mjane.

Mbeyu akasema, "Bila macho yangu mngemrudisha baba wa watu wengine."

Chengo akasema, "Bila miguu yangu angekuwa bado kwenye kabati la kioo, na namba shingoni."

Mwaringa akasema wa mwisho, yeye mwenye ulimi. "Bila ulimi wangu msingejua pa kuanzia. Na bila mikono yangu kusingekuwa na safari. Yote mawili ni yangu."

Wazee wakagawanyika. Wengine walisema mkono uliomng'oa baba haumnyweshi. Wengine wakasema aliyevunja ndiye mwenye kuunga, la sivyo kosa litabaki bila mwenyewe. Hawakuafikiana hadi jua likawa utosini.

Bi Kadii akasogea, akaweka kiganja juu ya kigango. Watu wote walisubiri alie. "Ni mti," alisema. "Nilidhani nitasikia kitu." Niliumia kumsikia, na nyinyi mngeumia. Kisha kidole chake kikashuka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikafika kwenye ile pembetatu yenye mkia, kikakaa hapo.

Akachota tembo, akafumba macho, akanyoosha kata mbele bila kutaja jina. Mbele yake ilinyooshwa mikono mitatu. Na mkono wake, ambao kwa miaka zaidi ya ishirini haukuwahi kutetemeka, sasa ulianza kutetemeka, tembo likafika ukingoni.

Mimi naishia hapo. Lakini likimwagika lenyewe, hakuna aliyemnywesha mzee. Haya, wewe uliyekaa kimya hapo: ungempa nani?