Kikombe cha Mganga Fisi

Sogeeni karibu, na anayesinzia asije akaniuliza mwisho, maana hadithi hii ni ya usingizi na mimi sirudii.

Mwaka huo mvua iligoma. Mito ilikauka, nyasi zikawa za kuwashia moto tu, na maji yakabaki kwenye chemchemi moja, uani kwa Sultani Simba. Kila mnyama alipimiwa kibuyu kimoja kwa siku. Katikati ya shida hiyo, binti pekee wa Sultani, Mwanakheri, akashikwa na mafua. Mafua tu! Lakini mtoto wa Sultani hapigi chafya mara mbili bila mganga kuitwa.

Akaja Fisi na mkoba wake wa tunguri, mbavu zinahesabika. Akamtazama mgonjwa, akatikisa kichwa.

"Haya si mafua, Sultani. Binti ana laana ya usingizi."

"Usingizi gani? Mbona yuko macho?"

"Subiri," akasema Fisi, akamnywesha kikombe cha dawa. Mwanakheri akalala fofofo. "Umeona? Laana yenyewe hiyo! Nisingewahi, tungekuwa tunachimba kaburi."

Tangu hapo ikawa kikombe asubuhi, kikombe jioni, na ujira wa mganga mbuzi mmoja aliyenona kila siku. Wanyama wakamlilia binti aliyelaaniwa. Siku ya kumi Mwanakheri alikuwa hajaamka bado, na Fisi alikuwa ameota mashavu.

Aliyewapika mbuzi hao ni Sungura, mpishi wa Sultani. Ndiye pia aliyemdondoshea binti maziwa mdomoni kila adhuhuri, asife njaa usingizini. Kwa hiyo aliona ambayo wengine hawakuyaona: kila saa ya dawa ilipokaribia, kope za binti zilicheza na mkia ukatikisika, akishanyweshwa, kimya. Sungura si mjinga. Tatizo lake ni mdomo.

"Sultani," akasema mbele ya baraza zima, "kwetu sisi mwenye kukupa kikombe hukionja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakina ubaya. Hata pombe ya harusi huonjwa. Mbona mganga haonji dawa yake?"

Fisi akakurupuka.

"Dawa ya laana haionjwi! Ina mwiko!" Akamwaga mchanga chini, akapiga ramli mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. "Lahaula! Mchawi huyu hapa. Ana masikio marefu. Anashinda jikoni. Achinjwe Ijumaa, nimle mimi mwenyewe, laana iishie tumboni mwangu."

Sultani Simba hakupenda kukumbushwa mila mbele ya watu. Akanguruma, "Ijumaa!" Na Simba akishatamka hatengui, hata akijua kwamba amekosea. Hasa akijua kwamba amekosea.

Sungura alirudi jikoni. Aliogopa, tusidanganyane. Alijishika shingo, akaiona nyembamba mno kwa kisu. Akafikiria kutoroka, lakini huko nje ni jua tupu na maji hakuna; angefika wapi? Wakamwacha aendelee kupika, maana hukumu ni hukumu, lakini hakuna mwingine aliyejua kuunga mchuzi.

Alhamisi adhuhuri akaingia kumpa binti maziwa kama kawaida. Kibuyu cha dawa kilining'inia pale pale kitandani, bila mlinzi, kwa kuwa wote waliogopa mwiko. Sungura akaimimina dawa yote katika chungu chake cha jikoni. Kisha akakijaza kibuyu maji yake mwenyewe ya kunywa, ya siku nzima, akakoroga na ukwaju rangi ifanane. Siku hiyo alishinda na kiu, ulimi umemganda kinywani.

Ijumaa baraza lilifurika. Fisi alikuja na kisu chake mwenyewe, anakinoa huku anaimba. Sungura akatokea na chungu kinafuka moshi.

"Bwana Mganga, mimi ni mdogo, sishibishi. Nimekupikia supu ya makongoro uitangulize. Ila ni nyingi na nzito. Labda Sultani naye apate bakuli?"

Fisi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Supu ya mganga hainywewi na mwingine! Ina mwiko!"

Akakikumbatia chungu, akaigugumia supu yote, akalamba mpaka ukingo. Hakuuliza hata kwa nini ina ukakasi. Akajifuta mdomo, akainua kisu.

"Haya, nileteeni huyo..."

Kisu kikamponyoka. Akaanguka pwaa, akaanza kukoroma mpaka vumbi likatimka.

"Baba!" sauti ikatoka chumbani. "Nani huyo anakoroma hivyo? Halafu mimi nina njaa!"

Mwanakheri akasimama mlangoni, anapepesa macho kwa mwanga. Simba akamkimbilia, akamkumbatia, akalia mbele ya watu wote, Sultani mzima. Alipotulia akamgeukia mpishi.

"Sungura, kulikoni?"

"Dawa yote imo tumboni mwa mganga, Sultani. Mwanao tangu jana jioni ananyweshwa maji yangu na ukwaju."

Simba akamtazama Fisi, akamtazama mwanawe.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. Hakuna aliyembishia.

Hawakumwamsha mganga. Simba akaketi kando yake Ijumaa yote, na Jumamosi yote. Jumapili asubuhi Fisi akafumbua jicho moja, akaona kucha za Sultani, akalifumba upesi.

"Umeamka, Mganga?"

"Bado, Sultani."

Kwa jibu hilo alipigwa bakora za kiunoni ambazo hakuzihesabu, akakimbilia porini bila mkoba wala tunguri, na hadi leo mkimwona anatembea amebonyea nyuma. Mvua ilinyesha mwezi uliofuata, kwa hiari yake yenyewe, wala haikuwa na habari ya laana ya mtu. Sungura bado anapika kwa Sultani.

Ndipo waliposema: mchimba kisima huingia mwenyewe.