Pengo la Kata

Zamani zile kiu ilikuwa na kipimo kimoja. Mtu mzima alikunywa kata tatu kwa siku: moja asubuhi, moja jua likiwa utosini, moja baada ya chakula cha jioni. Awe mchungaji, mkulima au mzee wa kukaa kivulini, ni hizo tatu, na aliyezidisha aliitwa mwizi wa mtungi. Kata yenyewe ilikuwa ya kibuyu, mdomo wake umekatwa sawasawa, na mshika kata alikuwa mke mkubwa.

Katika ukoo wetu, chini ya milima ya Taita, mke mkubwa wa Mwakio alikuwa Mghoi. Hakujaliwa mtoto. Mke mdogo, Wakesho, alijifungua binti mwaka ambao mvua zilichelewa. Mghoi alimtazama akinyonyesha, kisha akautazama mtungi.

"Leo umechota mara ngapi?"

"Mara tano, dada. Mtoto ananyonya sana."

"Kwani amekuwa mgomba? Sisi sote tunakunywa tatu."

Tangu hapo Mghoi aliifunga kata kiunoni, hata akilala. Alimpimia mwenzake tatu, wala si tone zaidi. Siku ya nne maziwa yakapungua. Siku ya sita mtoto alinyonya, akaachia, akalia kwa sauti nyembamba. Wazee hawakutuficha hili: Mghoi alimsikia, na moyo wake ukaburudika.

Mwakio alipouliza kulikoni, Mghoi alijibu, "Kata tatu zinatosha. Mkeo anadeka. Kesho nitalima sehemu yangu na yake, kwa hizo hizo tatu." Akaifungua kata kiunoni, akampa Wakesho mbele ya watu. "Nipimie wewe, asije mtu akasema nimeiba."

Asubuhi alikunywa moja. Kabla ya adhuhuri alirudi kwa ya pili. Jua halijapinda akaimaliza ya tatu, akaenda tena kulima. Jioni alikuja akiburuta jembe, midomo imepasuka, akaketi kizingitini bila kuomba maji. Kuomba kungekuwa kushindwa, tena kushindwa na Wakesho.

Wakesho alichota, akamnyooshea. "Kunywa, dada."

"Nimekwisha kunywa tatu."

"Sikuhesabu."

Neno hilo lilimuuma Mghoi kuliko tusi. Hata wema mwenzake alikuwa nao zaidi. Alikunywa huku amekaza meno, na ukingo wa kata ukamegeka mdomoni. Akautema, akanyoosha mkono aongezwe.

Kiu ilipotulia, mazoea yakamshika. "Na wewe je, leo umekunywa ngapi?"

"Mpaka kiu ikaisha."

Mghoi akamtazama mtoto kifuani pa mama yake. Alikuwa akinyonya kimya, na maziwa yakimtiririka kidevuni. Hakuuliza tena.

Na tangu siku hiyo, kata za ukoo wetu hukatwa pengo mdomoni zisifae kupimia, na huning'inizwa shingoni mwa mtungi, hazishikwi na mtu. Anyonyeshaye hunywa haja yake, atokaye shamba haja yake, na mzee wa kivulini hulowesha koo akaridhika. Wivu haukumtoka Mghoi. Hadi uzeeni alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ila kila Wakesho alipoukaribia mtungi, Mghoi aligeukia ukuta.