Maji ya Magotini

Zamani za kale, zama zile wanyama wakipeleka watoto wao shule (wewe huko nyuma, kaa chini, acha kumfinya mwenzio!) Tembo alikuwa mwalimu mkuu wa bonde zima. Tena ndiye aliyeongoza safari za malisho. Nyasi za upande huu zilikuwa zimekwisha, na mchana huohuo watoto walitakiwa kuvuka mto. Basi Tembo akawa anawafundisha kuvuka.

"Maji ya mto yanafika wapi?"

"Magotini!" waliitikia Digidigi, Kanga na wana watatu wa Bi Nguchiro.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Bi Nguchiro alikuwa nje anasuka mkeka. Aliposikia hayo, ukindu ulimponyoka. Magotini! Juzi tu aliteleza mtoni humo, chubwi! Kama si kulidaka gogo lililopita, angezama. Hofu ikampanda. Akakimbilia darasani.

"Hodi, Mwalimu! Samahani. Magotini mwa nani?"

"Bi Nguchiro," Tembo akasema, akipepea masikio, "mwanafunzi mzuri haulizi, anaitikia. Na kiongozi akianza kuulizwaulizwa, nani atamfuata? Nimevuka mto huo miaka arubaini. Magotini!"

"Magotini!" watoto wakadakia, na kitindamimba wa Bi Nguchiro ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Mama wa watu alitaka kulia. Akaenda, akarudi, akazunguka, akarudi tena. Jua linapanda! Kubishana na Tembo ni kutwanga maji kwenye kinu. Ghafla akatulia, akatabasamu.

"Kweli, Mwalimu, ujinga wangu. Mimi sikusoma. Hebu wewe uwe mwanafunzi wa mfano, nikuone unavyoitikia. Mimi nitajifanya mwalimu, kidogo tu."

Tembo alipenda sana kuwa mfano. "Haya, twende!"

Wakatoka wote mpaka nyumbani kwa Bi Nguchiro, shimo lililo kwenye kichuguu. Ndani mlinukia mabungo mabivu.

"Wanafunzi! Mlango wangu ni mpana, naingia bila kuinama. Mlango ukoje?"

"Mpana!"

"Tembo, sijakusikia."

"MPANA!"

"Umeelewa?"

"Ndiyooo!"

"Basi ingia, ukale mabungo."

Tembo akalitazama shimo. Watoto wote walikuwa wamemkodolea macho, naye keshasema mpana. Angerudi nyuma vipi? Akaingiza mkonga, fyuu! Akasukuma tena, ukakwama. Kumbe siafu walishatangulia kwenye mabungo, na siafu hawajui nani mwalimu mkuu.

"Pwaaa! Nakufa! Mpana kwa nani mlango huu?"

"Nyamaza! Mwanafunzi mzuri haulizi," alisema Bi Nguchiro. "Mimi napita humo kila siku. Sukuma!"

Kanga alikuwa wa kwanza kucheka, kwe kwe kwe! Tembo akajivuta kwa nguvu zake zote, kichuguu kikamomonyoka, akaanguka chali, puu! Alipokwisha kupiga chafya akakaa vumbini, akaitazama miguu yake. Kisha akaitazama ya Digidigi, myembamba kama vijiti vya kuwashia moto.

"Bi Nguchiro," akasema polepole, "ningewaua watoto hawa."

"Ungewaua, Mwalimu. Na wangu watatu wakiwemo."

Walipofika mtoni, Tembo hakuhubiri. Alimshika kila mtoto kwa mkonga, akamtumbukiza kidogo pale ukingoni na kumwuliza, "Wewe yanakufika wapi?"

"Shingoni!"

"Mimi machoni, Mwalimu, nitoe!"

Akawapandisha wote mgongoni, akaingia majini taratibu. Bi Nguchiro alikaa nyuma kabisa, akiwahesabu wanawe, akifika watatu anaanza upya, mpaka ng'ambo.

Ndiyo hivyo, wanangu: kiongozi asiyetaka kuulizwa huwapimia wenzake mto kwa miguu yake mwenyewe.