Mwonja Chakula wa Ngome ya Mianzi

Mwenye masikio marefu asogee, na mwenye mafupi asogee zaidi, maana kisa hiki kina wakubwa waliosema kwa sauti ndogo sana.

Katika Japani ya wanyama, ambayo hutaiona kwenye ramani yoyote, kulikuwa na ngome juu ya kilima, na ndani ya ngome kulikuwa na chemchemi. Mwaka ule mvua ilikataa. Mashamba ya mpunga yaliyoshuka kilimani ngazi kwa ngazi yalipasuka kama visigino. Maji yaliyobaki yalikuwa ya ile chemchemi tu, na lango la maji halikufunguliwa ila kwa neno la Bwana Simba, mtawala wa koo zote.

Shida ni kwamba Bwana Simba alikuwa haonekani. Aliketi nyuma ya pazia la mianzi, kama alivyoketi baba yake na babu yake, kwa sababu uso wa mtawala si kitu cha kutazamwa na kila mwenye macho. Wala hakusema na raia. Alinong'ona, na mtumishi aliyekaa karibu na pazia akatangaza kilichonong'onwa. Mtumishi huyo alikuwa Fisi.

Fisi aliipataje nafasi hiyo? Kwa kiapo. Zamani, kwenye karamu ya mpunga mpya, Simba aliuliza kwa majivuno yake: "Siku nikifa, nani atanifuata kaburini?" Ndiyo mila ya ngome ile. Anayeapa kuzikwa pamoja na bwana wake hupewa mkeka ulio karibu kabisa na pazia, na akishaapa mbele ya koo zote, kiapo hakifutiki.

Mzee Nyani, mkuu wa ukoo wa mlimani, alishikwa na kikohozi. Mzee Ngiri, mkuu wa ukoo wa bondeni, alizikodolea macho kwato zake kana kwamba amezipata leo. Fisi akaruka mbele.

"Mimi, Bwana Mkubwa. Nitalala miguuni pako."

Alikuwa ameshampima Simba kwa macho: shingo nene, kifua kama ghala. Dume kama hili, alijisemea, litamzika kila mtu. Akaketi kwenye mkeka, na kazi ya kwanza aliyoiomba ilikuwa kuonja chakula cha bwana, kisije kikawa na sumu.

Mwanzoni alionja tonge moja. Baadaye akagundua kwamba adui mwenye akili huficha sumu katikati ya bakuli. Baadaye tena, kwamba adui mwenye akili zaidi huificha chini kabisa. Uaminifu wa Fisi ulizidi kushuka mpaka ukafika kwenye kitako cha bakuli, hapo akawa analamba. Kilichopelekwa nyuma ya pazia kilikuwa chombo kisafi mno.

Simba hakulalamika. Angesemaje, kwamba mtawala ana njaa? Njaa ni ya watu wa mashambani. Kadiri alivyokonda ndivyo alivyozidi kulipenda pazia. Naye Fisi hakutaka bwana wake afe, la hasha. Alimwachia mchuzi wa kumfanya apumue. Alitaka tu asipate nguvu ya kusimama.

Basi Fisi akatawala. "Bwana ameamuru samaki wakavu," alitangaza. "Bwana ameamuru mbavu." Aliwaambia ukoo wa Nyani kwamba ukoo wa Ngiri unawaita wezi wa maji, kisha akawaambia ukoo wa Ngiri kwamba ukoo wa Nyani unaomba mashamba yao. Koo mbili zikapigana mpakani msimu mzima, kila moja ikitaka kumpendeza Bwana, zikigombea maji ambayo hakuna aliyeyapata.

Na ili pasiwe na ukoo wa kuanza kufikiri, kila mmoja ulitakiwa kuacha mtoto ngomeni. Wakubwa waliwaita watoto hao wageni wa Bwana. Ni wageni wa aina yake, maana hawakuruhusiwa kuaga.

Mgeni wa ukoo wa sungura alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho wa Bi Sungura, mkuu wa ukoo mdogo kuliko koo zote. Barazani Bi Sungura aliketishwa mlangoni, pale wenzake walipovulia kandambili zao. Akitaka kusema, alisubiri mpaka madume wote waseme, wanyamaze, wakumbuke jambo jingine, waseme tena.

Siku moja Fisi ndiye aliyemwanza.

"Ukoo wa sungura haujaleta kitu."

"Tulileta figili, Mheshimiwa," alisema Bi Sungura. "Kapu zima, katika ukame huu."

"Bwana hali figili."

"Kapu lilirudi tupu. Nani alizila?"

Barazani mtu akacheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Nilizionja," alisema Fisi. "Sikiliza, bibie. Bwana ameamuru. Kikao kijacho mlete nyama. Mkishindwa, mgeni wenu ataingia jikoni."

"Kusaidia kupika?" aliuliza Mzee Nyani, ambaye alipenda mambo yaishe vizuri bila yeye kusimama.

"Kuingia," alisema Fisi.

Mzee Ngiri alitazama kwato zake. Hebu fikiria: baraza zima la wenye meno, na mtoto anahukumiwa kuwa kitoweo, na wao wanaona haya kukatiza utaratibu wa kikao.

Bi Sungura hakulia. Alitazama. Aliona tumbo la Fisi likiwa limemwagika juu ya mkeka. Aliona bakuli likipelekwa kwa bwana, linang'aa. Kisha akalitazama pazia. Zamani Simba akipumua mianzi ile iligongana, koo zote zikajua kwamba mkubwa yupo. Sasa pazia lilikuwa limetulia kama ukuta.

Alipotoka alipita kwenye uzio walikofungiwa watoto. Kitinda akapenyeza pua katikati ya mianzi.

"Mama, tunakwenda nyumbani?"

"Kikao kijacho."

"Kweli, au unanibembeleza?"

"Mwanangu, mimi na wewe hatujawahi kubembelezana. Kikao kijacho."

Akashika njia ya mlimani, akamkuta Mzee Nyani akijichana manyoya.

"Shikamoo, mzee. Nina swali moja tu. Ukoo wako ulifunguliwa maji lini?"

"Marahaba. Hatujafunguliwa. Wamepewa hao nguruwe wa bondeni."

"Umeyaona?"

"Fisi amesema."

Akashuka bondeni kwa Mzee Ngiri na swali lile lile. Mzee Ngiri akapiga kwato chini. "Maji gani? Wanayanywa nyani huko juu."

"Umeyaona?"

Mzee Ngiri alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa mkaidi, si mpumbavu. Ni vitu viwili vinavyofanana kwa mbali tu.

Bi Sungura aliwakutanisha mpakani, kila mmoja upande wake, maana hawakutaka kukanyaga udongo mmoja.

"Wazee wangu, kwetu mtu asiyekula, asiyesema na asiyeonekana anaitwaje?"

"Marehemu," alisema Mzee Nyani, kisha akaogopa alichokisema.

"Na tunamfanyaje?"

"Tunamzika."

"Basi kikao kijacho vaeni nguo nyeupe za msiba, mje na majembe. Ngomeni kuna sheria ya kuacha silaha mlangoni. Hakuna sheria ya kuacha majembe ya mazishi."

"Na kama yu hai?" aliuliza Mzee Ngiri.

"Nitafurahi sana. Na atakayetuhakikishia hilo ni Fisi mwenyewe."

Siku ya kikao Fisi alikuwa amekaa mapema, akiwa na kisu cha jikoni kando ya mkeka. Nyuma yake walisimama walinzi wa ukoo wake, wakiongozwa na mpwa wake, Madoa, kijana mwembamba aliyekuwa anautazama mkeka ule kwa mapenzi ya siku nyingi. Mara lango likafunguka. Koo zote zikaingia zimevaa nyeupe, majembe mabegani, na mbele yao, si mlangoni tena, alikuja Bi Sungura akijifuta macho.

"Pole, Mheshimiwa Fisi," alisema. "Pole sana kwa kumpoteza Bwana."

"Nani amempoteza?"

"Sisi sote, lakini wewe zaidi. Tumeshachimba. Tumechimba pana, mkae kwa nafasi."

Kicheko cha Fisi kilianza vizuri, kikaishia njiani. "Umerukwa na akili. Bwana yu hai. Ameniambia sasa hivi kwamba nyinyi ni waasi."

"Basi na atuambie sisi."

"Bwana hasemi na raia."

"Ndivyo wasemavyo wote wenye maiti ndani," alisema Bi Sungura, akageuka kulielekea baraza. "Jamani, hoja ni nyepesi. Ama Bwana yu hai, ama amefariki. Kama yu hai, hili pazia linaficha nini? Kama amefariki, kuna kiapo, na sote tulikisikia kwenye karamu ya mpunga mpya. Mheshimiwa huyu achague upande wowote, sisi hatuna ugomvi."

"Tulikisikia," alisema Mzee Ngiri.

"Mimi nilikuwa nakohoa," alisema Mzee Nyani, "lakini nilikisikia."

Fisi akawageukia walinzi. "Watoeni hawa."

Walinzi wakamtazama Madoa. Madoa akautazama mkeka, akameza mate.

"Mjomba," alisema kwa adabu kubwa, "kiapo ni heshima ya ukoo wetu. Usituaibishe. Kazi ya kuonja usiwe na wasiwasi nayo, ipo mikononi mwa familia."

Hapo Fisi akalisogelea pazia, jasho linamtoka, akanong'ona kwa mara ya kwanza kama mtu anayeomba kweli. "Bwana Mkubwa. Sema neno moja."

Akabandika sikio kwenye mianzi.

"Nguruma kidogo. Hata nusu."

Nyuma ya mianzi Simba alisikia kila kitu. Alikuwa amejaribu kunguruma asubuhi ile, peke yake, na kilichotoka kilikuwa sauti ya paka aliyefungiwa nje. Afe akiwa simba, alisema moyoni, kuliko waisikie ile. Akabana midomo.

"Bwana, basi kohoa," alisema Fisi, na sasa barazani wote walimsikia. "Kohoa tu, nakuomba, nitakuachia wali wote."

"Atamwachia wali," Bi Sungura aliyarudia maneno taratibu, kwa walio nyuma. "Kwa hiyo wali alikuwa hamwachii."

Mzee Ngiri alishusha jembe begani. Koo zikasogea hatua, kwa huzuni kubwa na heshima zote, kama wasogeavyo watu kumchukua mpendwa wao. Madoa akamshika mjomba wake mkono ili kumsaidia kutembea.

Fisi akajinasua, akalirukia pazia, akaling'ata na kulivuta kwa uzito wake wote. Mianzi ikaanguka kwa kishindo.

"Yu hai," alipiga kelele. "Mtazameni. Anapumua, mtazameni."

Wakamtazama. Juu ya mto wa hariri palikuwa na manyoya ya shingo, na chini ya manyoya palikuwa na mbavu. Mbele yake lilikuwapo bakuli lililolambwa likang'aa. Kando yake alisimama Fisi, mnene, anatweta, na kipande cha pazia bado kinaning'inia mdomoni. Hakuna aliyehitaji kueleza chochote.

Simba alijikusanya, akainua kidevu.

"Nilikuwa napumzika," alisema, kwa ile sauti ya paka.

"Tumeona, Bwana," alisema Bi Sungura. "Na wakati unapumzika, umeamuru mtoto wangu apikwe."

"Mimi?"

"Kwa jina lako. Jina lako lilikuwa hapa mbele linafanya kazi, wewe ukilinda pazia."

Wanaojivunia kutosema na watu wa chini husahau kujifunza maneno ya kuomba radhi. Bi Sungura hakuyasubiri. Alikwenda kwenye uzio akautoa mti wa mlango, akamshika Kitinda mkono, na nyuma yake watoto wa nyani na wa ngiri wakatoka wakisukumana. Hakuna aliyeaga. Mzee Nyani na Mzee Ngiri walikuwa wameshafika kwenye lango la maji, wanalivuta pamoja, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba havuti. Maji yakashuka ngazi kwa ngazi, na tangu siku hiyo neno la kuyafungua likawa la koo zote.

Wakataka kumfukuza Fisi. Bi Sungura akakataa.

"Afukuzwe wapi? Ana kiapo. Siku Bwana akifa, anamfuata, na majembe tunayo. Mpaka hapo abaki na kazi yake ya chakula, ila kuonja basi. Madoa atakuwa anamtazama mdomo."

"Kwa furaha," alisema Madoa.

Ndiyo maana ukipita chini ya ngome ile leo utaona mtumishi ambaye hakuna bwana aliyewahi kupata mfano wake. Alfajiri Fisi anapanda kilima na wali. Mchana anashuka kutafuta samaki, anapanda nao mbio wasipoe. Jioni anamfunika Simba blanketi, anamwuliza kama upepo si mkali. Amekonda, mbavu zinahesabika, na bakuli linakwenda limejaa mpaka mdomoni. Anayekula jasho la wengine kwa jina la bwana mkubwa, mwisho wake ni huo: kumtumikia kweli.

Simba amenenepa tena. Hana amri yoyote iliyobaki, wala hana pazia, lakini amejifunza starehe moja. Kila Fisi akikaa kitako kupumzika, Simba hujisafisha koo, akakohoa kidogo.

Fisi huyo, mbio kilimani.