Mfuko wa Mawe wa Nyegere

Mpo hapo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sitaki kukatizwa.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walikuwa na mchezo wao. Walilipiga koma, lile tunda gumu la mkoma, kwa fimbo mpaka liingie shimoni. Siku hizi watu wanauita gofu na kuuvalia kofia. Wanyama waliucheza vichwa wazi.

Mashimo yalikuwa matatu. Kwa kila pigo, mchezaji aliokota kijiwe kimoja. Akifika shimoni alivimwaga vijiwe vyake, Mzee Kobe akavihesabu, navyo vikaachwa pale pale. Ndiyo iliyokuwa desturi. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Mwaka mmoja Nyegere alikutana na Ngiri, wakigombea mti wa nyuki. Mshindi angelamba asali mwaka mzima. Mshindwa angekula nge. Nyegere alikuwa na mke na watoto watatu, na wote walikuwa wamechoshwa na nge mpaka basi.

"Baba watoto," mkewe alimwambia asubuhi ile, "ukirudi na nge, utawatafuna peke yako."

Mchezo ukaanza. Shimo la kwanza, Nyegere akapiga, koma likaenda kushoto vichakani. Akapiga tena, likaenda kulia. Mapigo sita! Ngiri alipiga manne tu.

"Mwaga vijiwe nihesabu, uviache hapa," akasema Mzee Kobe.

"Niviache? Thubutu!" Nyegere akafoka. "Naenda navyo. Nataka nikumbuke kila kosa lililoniaibisha!"

Akavirudisha mfukoni, akauning'iniza mfuko begani.

Shimo la pili, akawa anapiga huku akiyatukana mapigo ya shimo la kwanza. Mapigo saba! Ngiri matano. Hesabuni wenyewe: Nyegere yuko nyuma kwa manne.

"Mwaga vijiwe nihesabu, uviache hapa."

"Siachi hata kimoja!"

Tena vile vidogo akavibadilisha kwa mawe makubwa, eti makosa yake yalikuwa makubwa. Bega likainama, akawa anatembea upande. Ngiri alicheka mpaka akakaa chini.

Shimo la tatu lilikuwa ng'ambo ya tope. Nyegere akakunja uso, akainua fimbo, akajizungusha kwa nguvu zake zote. Fimbo ikaenda, na mfuko nao ukaja nyuma yake. Pwaa! Ukamgonga kisogoni, akaanguka kifudifudi. Koma likadondokea topeni, chubwi!

Wanyama wakaangua kicheko. Nyegere akabaki amelala pale, moyo unamuuma. Akilini aliwaona wanawe wakitafuna nge, mkia na vyote.

Mkewe akatoka kati ya watazamaji, akamwinamia. "Baba watoto, koma ni moja. Haya mawe yote unampelekea nani?"

Nyegere akautazama mfuko. Akamtazama mkewe. Akaanza kucheka, akacheka kuwashinda wote. Kisha akaumwaga mfuko wote chini.

"Haya yamekwisha kuhesabiwa, yakae," akasema. "La topeni ni moja. Moja tu."

Akaingia topeni, akapiga taratibu. Akapiga tena. Pigo la nne, koma likatumbukia shimoni.

Zamu ya Ngiri ikafika, na koma lake likaangukia tope lile lile. Lo! Ngiri hakuwa amekosea siku nzima, hakujua kosa linashikwaje. Akalichapa tope kwa fimbo, akalitukana, akalichapa tena, na kila pigo likahesabiwa. Mapigo tisa!

Mzee Kobe akajumlisha polepole, maana ndivyo alivyo. Ngiri kumi na nane. Nyegere kumi na saba!

Siku hiyo watoto wa Nyegere walilamba asali mpaka masikioni. Ngiri alipewa nge wake akaenda zake. Njiani wakamwona anatembea upande. Kumbe ameuokota ule mfuko, na mawe yote ameyarudisha ndani.

Sasa nisikilizeni. Ukikosea, lihesabu kosa lako, kisha liache pale ulipolifanyia, ushughulike na pigo lililo mbele yako. Ukilibeba, litakugonga kisogoni.

Yangu yameishia hapo. Inukeni mkalale, na kila aliyekuja na jiwe lake aliache hapa mkekani.

— Tumeliacha!